UZI: Charley Pride kabla hajawa Charley Pride (pamba, besiboli, tanuru la Montana, ndo Nashville ikafuata)

Baba Santuri:
Wakuu salaam. Kila likitajwa jina la Charley Pride, yule Mmarekani mweusi aliyeimba kantri (country), humu ndani watu wanakimbilia kitu kimoja tu, eti kampuni ya santuri ilimficha sura ili wazungu wanunue santuri bila kujua wanamsikiliza mweusi. Ni kweli lilitokea na nitafika huko, ila kwangu mimi hiyo ni sehemu ndogo sana ya habari, imekuzwa mpaka imefunika mambo ya maana. Huyu mtu anarekodi na RCA, ndo kampuni yenyewe ya santuri, kwa mara ya kwanza mwaka 1965 ana miaka 31, ana mke, ana watoto, ana kazi ya kiwandani. Sasa hiyo miaka yote alikuwa wapi anafanya nini? Hapo ndo pana utamu, na ndo ninapotaka kukaa leo. Nitashusha kidogo kidogo maana naandikia simu.

Kazaliwa 18 Machi 1934 Sledge, Mississippi, kamji kadogo kwenye ukanda wa pamba. Wazazi walikuwa wakulima wa yale mashamba ya kugawana mazao na mwenye ardhi, yaani unalima we, unapalilia we, unavuna we, mwisho wa msimu tajiri anapiga hesabu zake unajikuta bado unadaiwa. Watoto 11 na yeye ni wa nne. Hata jina lenyewe lilikosewa, mzee wake alitaka aitwe Charl, karani wa cheti cha kuzaliwa akaandika Charley, ikawa ndo imetoka hiyo. Ukifikiria ni jina ambalo baadae limekaa kwenye mamilioni ya santuri, karani wa watu hata hajui alichokifanya.

Sasa swali ambalo jamaa aliulizwa maisha yake yote ni hili, mtoto mweusi wa Mississippi, Memphis hapo jirani na blues zote zile, kantri kaitoa wapi? Jibu ni redio. Mzee Mack Pride alikuwa na redio ya Philco ya betri na yeye ndo mwenye mamlaka ya kushika kinobu, hakuna mtoto anagusa. Na Jumamosi usiku kinobu kilikuwa kinakaa kituo cha WSM cha Nashville, mji wa kantri, kwenye shoo ya kantri ya Grand Ole Opry. Redio haikuulizi rangi, inaingia nyumba yoyote yenye betri. Kwahiyo huyu dogo kakua anajua nyimbo za mastaa wa kantri kina Hank Williams, Roy Acuff, Ernest Tubb kama mtoto yeyote wa kizungu wa kusini, na anaziimba kwa lafudhi ileile kwa sababu ndo lafudhi ya kwao. Sio kwamba aliigiza. Hapo watu wengi wanapotea.

Akiwa na miaka 14 akanunua gitaa lake la kwanza kwa oda ya posta kutoka katalogi ya Sears, hela ya kuchuma pamba. Hakuna mwalimu, anasikiliza redio anatafuta nyuzi mwenyewe.

Ila ndoto yake haikuwa muziki. Ndoto ilikuwa besiboli. Naendelea.

Kipara cha Tandale:
Siti ya mbele nimeshakaa. Shusha mkuu

mama_Nuru:
Mzee wangu alikuwa na kaseti yake moja imeandikwa kwa kalamu tu "PRIDE" sisi tukidhani ni jina la kampuni ya kaseti 😂 kumbe mtu

Baba Santuri:
Haya. 1947 Jackie Robinson anaingia ligi kuu ya Marekani, mweusi wa kwanza enzi zile, na kila mtoto mweusi wa mashamba ya pamba akaona njia ya kutoka. Charley yuko na miaka 13 hapo. Akajisemea mimi nitatoka kwa mkono huu, yaani kwa kurusha mpira. Na hakuwa wa kubahatisha, kaka yake Mack mdogo naye alicheza ligi ya weusi.

1952 anaingia Memphis Red Sox, ligi ya weusi, anarusha. 1953 anasainiwa na Boise Yankees, timu ya daraja la chini ya mtandao wa New York Yankees kule Idaho. Akaumia mkono, kasi ya mpira ikashuka, Yankees wakamuacha. Kuanzia hapo ni kuzunguka timu hadi timu. Sasa sikilizeni hii, akiwa Louisville Clippers timu haina hela, timu ya Birmingham Black Barons inawataka yeye na mwenzake anaitwa Jesse Mitchell, makubaliano yakawa wachezaji wawili waende Birmingham, Louisville wapewe basi la timu. Ndiyo. Basi.

Kipara cha Tandale:
Aah mkuu hapo umetia chai. Mchezaji kubadilishwa na basi?

Baba Santuri:
Siyo chai. Mwenyewe alikuwa anaisimulia kwa kucheka, kwamba pengine yeye na Mitchell ndo wachezaji pekee kwenye historia waliobadilishwa na gari. Na ukijua hali ya zile ligi utaelewa. Baada ya Robinson kuingia ligi kuu, mashabiki weusi wakahamia kuangalia ligi kuu, vipaji vikubwa vikanyakuliwa, zile timu za weusi zikawa zinakufa taratibu. Timu isiyokuwa na basi haisafiri, isiposafiri haichezi, isipocheza haina kiingilio. Kwahiyo basi lilikuwa na thamani kuliko mrushaji mwenye mkono mbovu. Hesabu ya njaa tu hiyo.

Na kwenye hayo hayo mabasi ndo alikuwa anaimba. Safari za usiku mikoa na mikoa, jamaa kakaa na gitaa anawapigia wenzake Hank Williams, wenzake wanamcheka wanamwambia imba blues bwana, yeye hana habari.

1956 anaitwa jeshini, mwaka huohuo mwishoni anamuoa Rozene, binti aliyekutana nae Memphis. Mkariri jina hilo kwa sababu huyu mama alikaa nae mpaka kifo na ndo aliyekuwa anashika hesabu nyumbani. 1958 anatoka jeshini anarudi Memphis Red Sox, na mwaka huo aliingia studio ya Sun pale Memphis, ile ya Sam Phillips iliyomtoa Elvis, akarekodi kitu kidogo. Haikutoka. Wangeitoa kipindi kile huenda tungekuwa na msanii mwingine kabisa, wa rokenrol, na labda angesahaulika baada ya miaka miwili kama wengi. Hayo ni mawazo yangu tu.

Mkulima_wa_Molo:
Salamu kutoka huku Kenya. Buda hii thread imenigusa roho. Huku kwetu Charley Pride ni kama mtu wa kijiji, ukienda harusi ya wazee lazima Crystal Chandeliers ipigwe na shosho ainuke. Hadi Sir Elvis, mwimbaji wetu, amejenga jina na hizi country. Nimekua nikiskiza kipindi cha Sundowner kwa redio ya KBC usiku na nilikuwa mkubwa sana ndio nikajua Pride ni mtu mweusi, na si eti kuna mtu alinificha picha, redio haina picha basi. Ndio maana nakubaliana na wewe hiyo maneno ya picha imezidishwa.

Baba Santuri:
Mkulima hapo umepiga penyewe. Na hiyo Crystal Chandeliers unayoisema Wamarekani wenyewe hawakuitoa kama singo kwao, ilikuwa wimbo wa ndani ya albamu tu ya 1967, ila Ireland na Uingereza na kwenu ikawa wimbo wa taifa. Watu wa nje walijichagulia.

Sasa twende Montana, na hapa nitakaa sana, mnivumilie.

1960 anaenda Montana kujaribu bahati na timu ya Missoula, wakamuacha haraka. Akasikia kuna mji unaitwa East Helena una kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi, na kiwanda kina timu ya besiboli inaitwa Smelterites, yaani wayeyushaji. Kiwanda kilikuwa kinatenga nafasi za kazi 18 kwa ajili ya wachezaji, na zamu zinapangwa ili mechi zisigongane na kazi. Akaajiriwa. Akaita mke na mtoto.

Kazi yenyewe ni hii, unashusha makaa ya mawe kwenye behewa za treni unayapeleka kwenye tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi, na kuna ile taka ya madini inatoka nyeupe kwa moto inaruka, ikikugusa inakuchoma hadi mfupa unasikia. Alikuwa na alama za kuungua. Nje Montana hiyo, baridi ya theluji, ndani jehanamu. Anatoka zamu anaenda kuimba baa, anarudi, analala saa chache, anaingia zamu nyingine.

Kuimba baa kulianzaje? Kocha wa Smelterites alimsikia anaimba akamwambia bwana wewe, kabla ya mechi simama pale uimbe dakika 15 nikupe dola 10. Mechi yenyewe alikuwa analipwa dola 10, kwahiyo wimbo umelingana na mechi. Na watu wakaanza kuja uwanjani mapema. Basi, meneja yeyote mwenye akili angeona biashara iko wapi, ila jamaa mwenyewe bado kichwani ni ligi kuu tu.

Wazungu watupu wale wasikilizaji. Mji wa Helena, jirani na East Helena, weusi walikuwa wa kuhesabu. Wachimba madini, wafanyakazi wa reli, wafuga ng'ombe, watu wa baa za Ijumaa. Na hao ndo walimfundisha kazi. Kila akisimama kuna ile sekunde ya ukimya watu wanatazamana, huyu anataka kuimba nini, anafungua mdomo inatoka Hank Williams safi kabisa, uso unabadilika. Amefanya hivyo miaka, wiki kwa wiki, kwa watu ambao kesho yake anakutana nao dukani. Sasa mtu anayekwambia RCA ndo waliomtengeneza muulize, RCA walikuwa wapi hapo?

Kwangu mimi uzi mzima uko hapo. Nashville walipokuja kumchukua, walichukua mtu aliyekwisha kuiva.

Dr_Vumbi:
Mkuu samahani nikukate. Mbona unaongea kama Pride ndo mweusi wa kwanza wa kantri wakati Ray Charles 1962 alishatoa albamu nzima ya kantri na ikauza balaa?

Baba Santuri:
Dr swali zuri. Ray Charles aliichukua kantri akaipeleka kwake, akaweka okestra, kwaya, bendi kubwa, na alikuwa staa tayari, na watu wa Nashville hawakumhesabu kama mwenzao, walimhesabu mgeni mheshimiwa. Pride alikuja na fidla na gitaa la stili, akakaa palepale kwenye kiti chao. Ni vitu viwili tofauti na vyote vikubwa.

Na ukitaka wa kwanza wa kweli basi ni DeFord Bailey, mweusi wa Tennessee, mpiga hamonika. Huyu alikuwa kwenye hiyo hiyo Opry toka enzi inaanza kuitwa Opry, 1927, mmoja wa waliopendwa kuliko wote. 1941 wakamuondoa. Baada ya hapo miaka mingi hakuna mweusi anaimba pale peke yake. Halafu banjo lenyewe, chombo cha kantri namba moja, mababu zake ni vyombo vya Afrika Magharibi vilivyovuka bahari na watumwa. Kwahiyo mtu akisema Pride aliingia kwenye muziki wa watu, muulize watu gani.

mama_Nuru:
🔥🔥 endelea baba, chai yangu inapoa

Baba Santuri:
1962 Red Foley na Red Sovine, waimbaji wakubwa enzi hizo, wanapita Helena kwenye ziara. Mtangazaji wa redio wa pale mjini anamsogeza Charley nyuma ya jukwaa, imba hapa wakusikie. Akaimba. Wale wazee wakamwambia wewe unafanya nini huku, nenda Nashville, na Sovine akamwelekeza kabisa aende kampuni ya Cedarwood inayoshughulika na nyimbo na wasanii.

Mnadhani alienda? Hakwenda. Alikuwa bado na besiboli. Alishajaribu kwa Angels wa California wakamkataa, halafu akajilipia safari mwenyewe hadi Florida kwenye kambi ya New York Mets, timu mpya, timu mbovu kuliko zote enzi hizo, akajua hapa sikosi. Kocha Casey Stengel hakutaka hata kumfanyia majaribio, akasema hatuendeshi kambi ya kujaribu watu hapa. Mets jamani. Timu iliyopoteza mechi 120 msimu wake wa kwanza imekukataa bila kukuona.

Ndo akapanda basi, na njia ya kurudi akapitia Nashville. Akaingia Cedarwood na begi lake. Pale kulikuwa na jamaa anaitwa Jack Johnson, mtu wa matangazo, na huyu Johnson alikuwa na wazo lake la muda, anatafuta mwimbaji mweusi wa kantri na hajampata. Anaingia mtu na begi la besiboli. Johnson akamrekodi kwenye tepu, akamsikiliza, akamwambia sasa imba kwa sauti yako ya kawaida. Charley akamjibu hii ndo sauti yangu ya kawaida.

Johnson akamrudisha Montana akamwambia nitakutumia mkataba wa umeneja. Na mkataba kweli ukaja. Ila baada ya mkataba ni kimya miaka kama miwili, Johnson anazunguka na tepu ofisi kwa ofisi na milango inafungwa. Sauti wanaipenda, wakioneshwa picha mkutano unaisha. Charley huku anashusha makaa.

1965 Johnson akampelekea prodyuza Jack Clement, mtu wa ajabu ajabu, aliyewahi kufanya kazi Sun na kina Johnny Cash. Clement hakuuliza maswali mengi, akasema nitalipia kipindi cha studio. Agosti 1965 wakarekodi, mojawapo ikawa The Snakes Crawl at Night. Clement akampelekea Chet Atkins, bosi wa RCA pale Nashville na mpiga gitaa ambaye kila mtu anamheshimu. Chet mwanzo akasita, baadae ikamkaa moyoni, akaichukua akaenda nayo California kwenye kikao cha wakubwa wa RCA. Akawapigia ule wimbo, wote wakaupenda, wakakubali kusaini, HALAFU ndo akawaambia. Kimya kidogo. Halafu wakasema sawa tunaendelea.

Kipara cha Tandale:
Huyo Chet ni mjanja. Ni kama wale wa kukuuzia gari usiku

Dr_Vumbi:
Lakini mkuu hapo si ndo unathibitisha wanachosema watu? Kwamba alifichwa?

Baba Santuri:
Alifichwa, sikatai. Singo za mwanzo za 1966 zilikwenda redioni bila picha na bila maelezo, na kwenye lebo wakaandika "Country" Charley Pride ili mtangazaji asijiulize mara mbili. Utaratibu wa kawaida ulikuwa kila singo iende na picha ya msanii na wasifu, kwahiyo kutopeleka picha ni uamuzi, siyo kusahau.

Ila angalia kalenda. Singo ya kwanza Januari 1966. Mwaka huohuo 1966 albamu inatoka na sura yake iko kwenye jalada. Miezi tu. Na ile singo ya kwanza haikupasua chati, ya pili pia haikupasua. Iliyopasua ni ya tatu, Just Between You and Me, mwishoni mwa 1966 kuingia 1967, ikafika namba 9, na hapo santuri ziko madukani watu wanaona wanachonunua. Sasa niambie, kuficha picha kulisaidia nini hasa? Kulisaidia watangazaji waanze kuipiga singo kabla ya kuanza kuogopa. Hiyo ni hatua moja ya mlangoni. Ukishaingia ndani lazima uimbe, na ndani hakuna wa kukuficha.

Mwenye ushahidi wa kwenda mbali zaidi ya hapo alete nitasoma.

Mkulima_wa_Molo:
Point. Lakini pia elewa machungu ya hiyo kitu. Mtu anakwambia sauti yako ni poa lakini uso ngoja kwanza.

Baba Santuri:
Machungu yapo ndugu yangu na mimi siyapunguzi. Nasema tu yasiwe ndo habari yote ya mtu.

Sasa Detroit. Shoo kubwa ya kwanza baada ya singo kutoka, 1966, ukumbi wa Olympia, watu kama elfu kumi. Mtangazaji anamtaja, watu wanashangilia kwa nguvu kwa sababu wimbo wanaujua wa redioni. Jamaa anatoka. Makofi yakaanza kufa, yakafa kabisa. Elfu kumi kimya. Fikiria unatembea kwenye hicho kimya na gitaa mkononi mpaka ufike kwenye maiki.

Akafika, akawaambia anajua ni jambo la kipekee kidogo yeye kutokea kwenye shoo ya kantri akiwa na huu weusi wa jua usiofutika. Ukumbi ukacheka. Akasema nina dakika chache tu, nina nyimbo tatu, akaziimba. Wakamshangilia mpaka mwisho na baada ya shoo foleni ya saini.

Hapa ndo nawarudisha Montana. Mtu aliyesimama mara ya kwanza mbele ya kimya kile angekimbia, au angeanza kuomba radhi, au angekasirika. Yeye alishakiona kimya hicho kikiwa kidogo, kwenye baa, kwenye uwanja wa kiwanda, na anajua kinadumu sekunde ngapi. Ule utani haukutengenezwa na RCA. Na alikuja kuutumia kwa makusudi shoo baada ya shoo, mpaka siku aliyoona hauhitajiki tena akauacha.

7 Januari 1967 akasimama Opry yenyewe. Aliyemtambulisha ni Ernest Tubb. Yule yule aliyekuwa anatoka kwenye Philco ya mzee wake Sledge. Alisema baadae kwamba hakumbuki ameimbaje kwa woga.

mama_Nuru:
Hapo kwa Ernest Tubb nimepata kimuhemuhe kidogo 🥹 mzee Mack alikuwa hai kuona?

Baba Santuri:
Mzee alimuona mwanae anafanikiwa dada, na alikuwa mtu mgumu wa kusifia, wazee wa kilimo unawajua.

Lingine ambalo silipiti, Willie Nelson, mzungu mwimbaji wa kantri. 1967 hivi wanatembea Texas kwenye ziara, kuna ukumbi Dallas mwenye ukumbi anaogopa kumpandisha Charley. Willie mwenyewe kasimulia hii, akapanda jukwaani akamuita Charley akambusu mdomoni mbele ya umati wote. Watu wameduwaa hawajui wafanye nini, na kabla hawajaamua Charley keshaanza kuimba. Willie nae sio mzima lakini siku ile alitumika.

Mtu_wa_Kigamboni:
Mi nitakuwa mbaya kidogo. Miaka ileile watu wanapigwa na polisi, wanaumwa na mbwa Birmingham, wengine wanauawa, yeye anatania rangi yake ili wazungu wacheke. Hamuoni kuna kitu hapo? Hakuwahi kusimama kusema lolote.

Baba Santuri:
Kigamboni sio ubaya huo, ni swali halali na aliulizwa na weusi wenzake kipindi kile kile. Msimamo wake ulikuwa mimi ni Charley Pride Mmarekani, naimba kantri, basi, hataki kuwa bango la upande wowote. Unaweza usipende na mimi kuna siku siipendi.

Ila mpime kwa aliyokuwa anayafanya. Kila usiku anaingia kwenye ukumbi wa kusini ambao mweusi mwenzake ni nadra kuonekana hata kama mteja, anatoka ameacha watu elfu kadhaa wameshika santuri yake. Angetoa hotuba moja tu kabla ya 1969 asingekuwa na ukumbi. Unaweza kusema basi asiwe na ukumbi. Hapo ndo tunatofautiana mimi na wewe na sidhani kama tutamaliza leo.

Mtu_wa_Kigamboni:
Sawa hatumalizi ila nimekuelewa. Sauti sijawahi kuikataa, sauti ni mauaji

Dr_Vumbi:
Umesema 1969, nini kilitokea?

Baba Santuri:
Agosti 1969, All I Have to Offer You (Is Me), namba moja kwenye chati ya kantri. Mweusi wa mwisho kushika namba moja ya chati hiyo alikuwa Louis Jordan 1944. Miaka 25. Baada ya hapo namba moja zikafunguka kama bomba, mpaka mwisho ana 29. 1971 ikaja Kiss an Angel Good Mornin', na mwaka huohuo tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ya mtumbuizaji bora wa mwaka. Ila hapo sio mwanzo tena, hapo ni staa, watu wengi wanayajua.

Nitakachoongeza ni kwamba hakukimbia Montana alipopata jina. Alibaki Helena, 1967 akahamia Great Falls hukohuko Montana kwa sababu kuna ndege za kumtoa kwenda kwenye shoo, mpaka 1969 ndo akahamia Dallas. Na besiboli hakuiacha moyoni, hata uzeeni alikuwa anaenda kufanya mazoezi na Texas Rangers, timu ya ligi kuu, kambini kila mwanzo wa msimu, na baadae akawa mmoja wa wamiliki wadogo wa timu. Kafariki Dallas 12 Desemba 2020 kwa korona, miaka 86.

Kipara cha Tandale:
Kwahiyo yule aliyefukuzwa na Stengel akaja kumiliki kipande cha timu ya besiboli 😂😂

Mkulima_wa_Molo:
Hiyo ni dawa ya moto wacha. Baba Santuri sasa mimi najua hizo za harusi tu, nianze na gani kama nataka huyo Charley wa mwanzo mwanzo, kabla hajawekewa vinanda vingi?

Baba Santuri:
Anza na In Person, imerekodiwa laivu Panther Hall kule Fort Worth, Texas, 1968, ikatoka 1969. Hamna vinanda vingi hapo, ni bendi ndogo, na gitaa la stili analipiga Lloyd Green, lisikilize hilo peke yake mara ya kwanza. Halafu rudi nyuma kwenye albamu ya kwanza ya 1966, ile Country Charley Pride. Ukimaliza hizo mbili tupigie kelele hapa, nina nyingine ya kukuelekeza ila simu imebaki asilimia tatu.